Mcheke kwa aliyotenda, mwachie mwili wake

Kampeni za 2015 zilituachia picha moja ambayo Watanzania wengi bado wanaikumbuka: mgombea urais wa CCM, John Magufuli, akipiga pushapu jukwaani. Watu walicheka, wakashangilia, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa ujumbe. Upande wa pili alikuwepo Edward Lowassa wa Chadema, mbeba bendera wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, ambaye hotuba zake zilikuwa fupi na afya yake ilikuwa gumzo la nchi nzima. Pushapu zile zilishinda mabango yote yaliyobandikwa mwaka ule. Hazikutaja jina la mtu, na watu wenyewe ndio waliozisambaza, simu kwa simu.

Ulikuwa ufundi mkubwa wa kampeni. Kwangu mimi, ulikuwa ufundi uliotumika mahali pabaya, na wafuasi wa kila upande waliojaza WhatsApp vijembe vya maradhi na uzima walifanya vibaya zaidi.

Mwaka ule ulikuwa na mambo mengi ya haki ya kuchekesha. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na kwa miaka mingi Chadema walimnyooshea kidole cha ufisadi. Halafu 2015 wao wenyewe wakampa tiketi ya urais. Mtunzi mzuri wa vichekesho angepata hapo kazi ya mwezi mzima, na mpiga kura angefaidika, kwa sababu chama kilichobadili msimamo kiasi hicho kina deni la maelezo. Magufuli naye alikuwa na la kujibu kuhusu nyumba za serikali zilizouzwa enzi zake katika Wizara ya Ujenzi. Badala yake, sehemu kubwa ya kicheko chetu ikaishia kwenye swali la nani ana nguvu na nani anatetemeka. Lowassa alipata kura zaidi ya milioni 6, akashindwa. Magufuli alifariki Machi 2021. Lowassa alifariki Februari 2024, karibu miaka mitatu baadaye. Nawaombea wote wawili mapumziko mema. Nataja miaka hiyo kwa sababu moja tu: mwili wa binadamu hauna unachokueleza kuhusu atakavyoongoza, na hata ule tunaouona imara hatujui utadumu hadi lini.

Ukisema hivi utajibiwa haraka: "Acha hizo, ni utani tu, sisi ni watu wa utani." Jibu hilo linaudhalilisha utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani anaweza kuja msibani akajilaza ndani ya kaburi akidai alipwe ndipo atoke. Wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe, anayebeba maji, anayehangaika na sufuria hadi wageni wa mwisho wapate kula. Ruhusa yake ya kukuchokoza inatokana na wajibu wake kwako. Mgombea anayemcheka mpinzani wake mgonjwa hana wajibu huo. Anachotafuta ni kura.

Mipasho ni jambo jingine, nayo naipenda. Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ilipanda jukwaani na CCM kampeni baada ya kampeni, na ukimsikiliza Khadija Kopa unaelewa kwa nini watu walikubali kusimama juani kusubiri. Mpasho hauna haja ya kutaja jina. Unataja tabia, na mwenye tabia anajijua. Ndiyo maana unauma bila kumvunjia mtu utu wake.

Wacanada walilijua hili kwa gharama. Oktoba 1993 chama tawala cha Progressive Conservative, chini ya Waziri Mkuu Kim Campbell, kilirusha tangazo la televisheni lenye picha za uso wa mpinzani wake, Jean Chrétien wa chama cha Liberal, zilizopigwa kwa karibu, huku sauti ikiuliza kama huyu kweli ni waziri mkuu. Chrétien alipooza upande mmoja wa uso tangu ujanani. Watu walikasirika, wakiwemo wagombea wa chama hicho chenyewe, na tangazo likaondolewa haraka. Chrétien alijibu kwa utulivu kwamba Mungu alimpa kasoro ile na yeye ameikubali. Akaongeza mzaha wake: ni kweli anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo, lakini si kama wale wa chama tawala wanaozungumza kwa pande zote mbili. Chama hicho, kilichoshinda viti 169 mwaka 1988, kilibaki na viti 2. Tangazo peke yake halikufanya hayo, maana tayari kilikuwa kinazama. Ila mzaha wa Chrétien uligusa jambo ambalo chama kilitenda, na ndio uliobaki.

Lakini hata kicheko kinacholenga matendo kina hatari yake, na hapa waandaaji wa matangazo huwa hawapendi kuguswa. Mwaka 1984, huko Kentucky, Marekani, Mitch McConnell alikuwa anamkabili Seneta Dee Huddleston. Timu yake, akiwemo mtaalamu wa matangazo ya kisiasa Roger Ailes, ilitengeneza tangazo la mtu anayekimbia na mbwa wa kunusa, akimtafuta seneta aliyekosa kura bungeni huku akilipwa kutoa hotuba kwingineko. Mbwa wanavuta kamba, mtu anahema, seneta haonekani. McConnell alishinda kwa takriban kura 5,000 tu, akaja kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote katika Seneti. Ila Huddleston alikuwa amehudhuria zaidi ya asilimia 90 ya kura zote. Nani angesikiliza asilimia baada ya kuwaona wale mbwa? Mtu akishacheka, amekwisha kukubali, na kumrudisha nyuma kwa takwimu ni kazi ngumu mno.

Kwa hiyo kichekesho cha kampeni kinahitaji uthibitisho mkali kuliko hotuba ya kawaida, kwa kuwa chenyewe hupita bila kuulizwa. Na mwenye kuchekwa apewe nafasi ya kujibu kwa kitu kinachoonekana.

Ningepewa kuandaa tangazo la mgombea udiwani, ningekwenda kwenye bomba lililozinduliwa kwa utepe na hotuba, ambalo sasa halitoi maji. Mama anakinga ndoo. Nyuma yake inasikika sauti ya uzinduzi, shukrani kwa mgeni rasmi, makofi, shukrani tena. Mama anainama kuchungulia ndoo, anainuka, anaitikisa. Hotuba inaendelea. Kisha yanatokea maandishi: jina la mtaa, tarehe ya uzinduzi na fedha zilizotumika, vyote vikiwa vimehakikiwa kwenye nyaraka za halmashauri. Diwani aliyepo akiona ameonewa, aje na kamera yake pale pale, alifungue bomba.