Ukienda Tengboche kwa Mani Rimdu, lala huko

Matangazo ya safari hii ya Nepal yanafanana kama mapacha. Juu kuna picha ya mtawa aliyevaa kinyago chenye macho yaliyotoka, nyuma yake kilele cha Ama Dablam kimejaa theluji. Chini kuna ratiba: Kathmandu, ndege ya Lukla, Namche Bazaar, tamasha la Kibudha la Mani Rimdu katika monasteri ya Tengboche, kisha kambi ya chini ya Everest, kisha kurudi. Wiki mbili hivi, na bei imepanda kidogo kuliko safari ya kawaida ya Everest, kwa sababu ya hilo tamasha. Sasa isome ratiba hiyo mstari kwa mstari, kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Utakuta tamasha limepewa mchana mmoja. Kesho yake asubuhi na mapema mnafunga mabegi, mnashika njia ya Dingboche.

Huko ni kumtapeli mteja kwa heshima, na nitaeleza kwa nini.

Mani Rimdu ni ibada ya siku 19. Sehemu kubwa watawa huifanya ndani, mbali na macho ya watu: sala tangu alfajiri, na mandala, mchoro mtakatifu wa mchanga wa rangi unaojengwa kidogo kidogo, punje kwa punje. Siku tatu za mwisho ndizo za watu wote, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya baraka. Lama, mwalimu wa dini anayeongoza ibada, hukaa uani, na watu wa bonde zima hujipanga kupokea vidonge vidogo vilivyoombewa na maji ya maisha marefu. Ya pili ni ya ngoma za vinyago, ziitwazo chham. Ya tatu ni ya moto: sadaka za nafaka na siagi huchomwa, na shughuli inafungwa. Mandala iliyojengwa kwa siku zote hizo hufagiliwa, na mchanga wake ukamwagwa majini.

Kwa hiyo mtu aliyepelekwa siku ya pili tu ameonyeshwa vinyago, basi. Hakuona foleni ya akina mama wazee wa Kisherpa, wenyeji wa bonde, aproni zao za mistari zimefungwa juu ya makoti mazito, wakisukumana kwa viwiko ili kikombe kisiishe kabla ya zamu yao. Wala hakujua kwamba wengine wametembea kutoka vijiji vya mbali kwa ajili ya vile vidonge, na kwamba ngoma za kesho wao wanazichukulia kama ziada.

Sisi wa pwani tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Kila Mfungo Sita Lamu hupata wageni wa Maulidi. Yupo anayefika kwa zefe, akakaa msikiti wa Riyadha usiku matari yakipigwa, akazuru kaburi la Habib Swaleh pamoja na watu. Na yupo anayeshuka kwenye boti mchana, akapiga picha mbio za punda, akapanda boti ya jioni. Huyo wa pili akirudi kwao anasema ameona Maulidi ya Lamu. Hatumgombezi, lakini tunajua alichoona ni punda.

Tengboche iko mita 3,867 kutoka usawa wa bahari, juu kidogo kuliko kambi ya Horombo kwa wanaoijua njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba juu ya lango la Marangu hakuna mtu anayeishi. Ni hifadhi: unapita, unalala kibandani, unashuka. Khumbu, hilo eneo la Nepal kusini mwa Everest, nalo ni hifadhi tangu 1976, lakini ndani yake mna vijiji, mashamba ya viazi, shule, nyumba za ibada, na watu wenye kalenda yao. Ukipanda Kilimanjaro unashindana na mwili wako na hali ya hewa. Ukipanda Khumbu unapita uani kwa watu, na siku za Mani Rimdu unapita wakiwa katikati ya sala.

Monasteri yenyewe ilianzishwa mwaka 1916 na Lama Gulu, kwa ushauri wa lama mkuu wa Rongbuk, monasteri iliyo upande wa Tibet, nyuma ya mlima. Kutoka Rongbuk ndiko ngoma hizi zilikotoka, zikavuka mpaka pamoja na watawa na wafanyabiashara kwenye njia ya Nangpa La, yenye barafu, juu ya mita 5,700. Tetemeko la 1934 liliiangusha Tengboche. Ikajengwa upya. Januari 1989 ikaungua, muda mfupi tu baada ya kupata umeme, na umeme huohuo ndio uliolaumiwa. Ikajengwa tena, kwa michango ya ndani na nje. Ukiwa umekaa kwenye ngazi za mawe pale uani unatazama jengo jipya likifanya kazi ya zamani.

Nirudi kwenye ratiba, maana hoja yangu si ya adabu peke yake. Ni ya mapafu pia. Kanuni ya milima mirefu inajulikana: ukishavuka mita 3,000, usiongeze mwinuko wa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Anayepuuza huumwa kichwa, hutapika, na wengine hushushwa kwa helikopta mapafu yakiwa yamejaa maji. Kwa hiyo kampuni zote hukuwekea siku ya mapumziko Namche, mita 3,440, na nyingine Dingboche, mita 4,410. Kwa nini basi Tengboche, kati ya hapo na hapo, pasiwe mahali pa kutulia? Msafara wa Waingereza uliowafikisha Hillary na Tenzing kileleni mwa Everest 1953 ulifanya hivyohivyo. Machi ya mwaka ule walipiga kambi Tengboche, wakatumia wiki kadhaa kupandapanda vilima vya jirani hadi miili ikazoea hewa nyepesi. Siku tatu za tamasha ni siku tatu ambazo mwili wako ungezihitaji. Unakaa, unakunywa chai ya siagi na chumvi (ya kwanza ni ngumu kumeza, ya tatu unaiulizia mwenyewe), mchana unapanda kilima kilicho nyuma ya monasteri na kushuka, na damu yako inajitengenezea inachohitaji.

Anayeandika ratiba anajua haya yote. Anachokwepa ni gharama ya nyumba za wageni. Tengboche ni kijiwanja juu ya mgongo wa mlima, chenye nyumba chache za kulala, na siku za tamasha hujaa mapema. Kupata vitanda vya usiku tatu mfululizo kunataka kampuni ilipie malazi miezi kabla. Njia rahisi ni kukulaza Deboche, chini kidogo msituni kwenye miti ya rododendroni, usiku mmoja, na kukusukuma mbele. Kwa kweli Deboche si pabaya. Ni mwendo wa kama dakika ishirini kushuka, ingawa kupanda asubuhi kwenye baridi utaiona ndefu. Kampuni ikikwambia utalala Deboche usiku tatu, kubali. Ikikwambia usiku mmoja, uliza kiingilio cha tamasha ulicholipia ni cha nini.

Halafu kuna suala la Lukla. Uwanja ule uko mita 2,860, njia ya kurukia ni fupi na imeinama, na ndege ndogo hazitui wingu likishuka. Katika msimu wenye watu wengi, safari nyingi huondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap, si Kathmandu, kwa hiyo unaamshwa usiku wa manane kwa safari ya saa kadhaa za gari kabla hujaiona ndege. Ndege ikifutwa siku mbili, msafiri wa kawaida wa Everest anapunguza siku huku na kule, maisha yanaendelea. Wa Mani Rimdu amekosa alichokifuata. Tarehe zinafuata mwezi wa kalenda ya Kitibeti, huangukia Oktoba au Novemba, na lama hasubiri ndege ya mtu. Ratiba isiyo na siku mbili za akiba kabla ya tamasha ni kamari, tena wanaocheza ni wao na pesa ni yako.

Najua swali linalokuja. Mtu katoka Dar au Mombasa, kajinyima, nauli yenyewe si mchezo, halafu aambiwe alale Tengboche na aiache kambi ya Everest? Ikibidi kuchagua, ndiyo, aiache. Kambi ile iko mita 5,364, juu ya mawe na barafu, na kutoka pale kilele cha Everest huwezi kukiona vizuri, kimefichwa na mabega ya mlima wenyewe. Anayetaka kukiona inabidi apande Kala Patthar, kilima cha jirani. Oktoba na Novemba kambi yenyewe huwa karibu tupu, maana wapandaji wengi wa kilele huja majira ya kuchipua. Unafika kwenye jiwe, unapiga picha na jiwe, unageuka. Tengboche, kukiwa kweupe asubuhi, Everest unaiona ikichungulia nyuma ya ukuta wa Nuptse na Lhotse, na Ama Dablam imesimama mbele yako peke yake. Mwenye siku za kutosha afanye yote mawili, sina ugomvi. Ila tamasha lije kwanza, mlima ufuate.

Siku ya ngoma kuna mchezo mmoja ambao huwezi kuuona ukiwa na haraka. Katikati ya ngoma nzito za walinzi wa dini, huku tarumbeta ndefu zikinguruma, anatokea mzee wa kinyago mwenye ndevu nyeupe na mkongojo, aitwaye Mi Tshering. Anajikwaa, anajifanya anafundisha sala na kuzikosea, anamvuta mtu kutoka kwenye umati na kumfanya mwanafunzi wake. Watu wanacheka hadi machozi. Nilimwona akimkamata mgeni mmoja mrefu, akamsujudisha mara kadhaa kwa kumwonyesha vibaya makusudi, na bibi aliyekaa karibu yangu akampiga mwenziwe begani kwa kicheko hadi shali ikamdondoka. Wakati huohuo, nyuma yetu, kiongozi wa kundi fulani alikuwa anaangalia saa na kuwaita watu wake kwa vidole. Walikuwa na njia ya kwenda. Walinyanyuka mmojammoja wakikatiza mbele ya watazamaji, mabegi mgongoni, na mchezo ukiwa nusu.

Sikumlaumu kijana yule. Oktoba na Novemba ndio msimu wa kazi Khumbu, na Msherpa anayeongoza wageni sikukuu yake inamkuta kazini. Ratiba inayokaa siku tatu inampa na yeye nafasi ya kupokea baraka kwa lama akiwa amesimama na mama yake. Hili sijaliona kwenye tangazo lolote, na kwangu ni sababu nzuri kuliko picha zote za vinyago. Wapagazi ni habari nyingine kidogo. Wengi wao si Washerpa, hutoka mabonde ya chini, Warai na Watamang, na siku mnayokaa bila kutembea wao wanaweza kuhesabiwa kuwa hawakufanya kazi. Uliza kabla hujalipa: je, siku za tamasha mpagazi analipwa kamili? Analala wapi? Mzigo wake ni kilo ngapi? Nepal inatambua kikomo cha kilo 30, Kilimanjaro ni 20. Kampuni inayojibu maswali haya kwa kigugumizi, na la vitanda itakujibu hivyohivyo.

Kuhusu adabu za pale, machache tu. Kuta za mawe yaliyochongwa sala unazipita ukiziacha kulia kwako. Wanyama wa mizigo wakija, simama upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Uani usikatize wakati watawa wanacheza, na ndani ya hekalu kamera iweke mfukoni hadi uruhusiwe.

Wapo watakaosema bora wageni tusiende kabisa, maana siku ya ngoma sisi na kamera zetu tumeshakuwa wengi mno pale uani. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kwa wengine ningeshauri Chiwong. Ni monasteri ya Solu, kusini zaidi, nayo ina Mani Rimdu yake wakati huohuo wa mwaka. Watalii ni wachache, mahujaji ni wengi. Iko karibu mita 3,000 tu, na kutoka Kathmandu unaweza kufika Phaplu kwa jipu, siku nzima ya vumbi na kona, kisha ukapanda kwa miguu. Hakuna Lukla, hakuna kidonge cha kichwa, na Everest hutaigusa. Kampuni nyingi haziiuzi kwa sababu hiyohiyo. Mimi nikijaliwa tena, ndiko nitakakokwenda.