Meno ya msumeno au ukungu, chagua

Waya wa umeme ukipita angani kwenye gemu, unaonekana ngazi ngazi kama meno ya msumeno. Sawa, pikseli ni vimraba, mstari wa mshazari lazima ukatike. Lakini dawa zake sasa! FXAA, inayolainisha kingo kwenye picha iliyokwisha chorwa, inapaka ukungu kila kitu, mara nyingine hadi maandishi. MSAA 4x, inayopima kingo mara nne ndani ya kila pikseli, inasafisha vizuri kingo za maumbo, ila majani na nyavu za uzio, ambazo ni picha zenye matundu tu, inaziacha zikimetameta. Tena gemu nyingi za sasa hazina MSAA kabisa, inakula mno kumbukumbu ya kadi ya michoro.

Tumebakiziwa TAA, inayochanganya fremu (picha moja ya mwendo) ya sasa na zilizopita. Ukisimama, picha safi. Geuza kamera: kila kitu kinafifia, gari linaacha mkia kama mzimu. Na menyu nyingine hazina hata pa kuizima! Ukiizima kwa faili la mipangilio, nywele zinageuka vitone vitone, maana zilichorwa nusunusu zikiingojea TAA izikamilishe.

Dawa nyingine: kwenye skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), pandisha ukubwa wa uchoraji, yaani gemu ichore picha kubwa kisha ipunguzwe itoshee skrini, hadi asilimia 150 kila upande. Hiyo ni pikseli mara 2.25, asilimia 200 ni mara 4, na hapo kadi inahema.