Kilichoibana China si Hong Kong, ni asilimia 5

Vita vya Kasumba, vile Uingereza ilivyopigana na China kwa ajili ya biashara ya kasumba, vikitajwa, wengi hukimbilia Hong Kong, kisiwa Waingereza walichokitwaa, au yale makasha 20,283 ya kasumba aliyoyaharibu Lin Zexu, ofisa wa mfalme wa China, kule Humen mwaka 1839: ilirowekwa mashimoni kwenye maji ya chumvi, ikamwagiwa chokaa, tope likafunguliwa liende baharini. (Neno kasumba sisi tumelihamishia kwenye fikra za kikoloni, halikupotea njia.) Mimi naona donda lenyewe lilikuwa forodhani.

Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza vita hivyo, uliidai China dola milioni 21. Fidia hulipwa ikaisha. Ushuru uliopangwa mwaka uliofuata, takriban asilimia 5, haukuisha: Beijing haikuweza kuupandisha bila ridhaa ya Waingereza. Na kwa kuwa nafuu liliyopewa taifa moja ilidaiwa na wengine wote, kuubadilisha kulihitaji kuwabembeleza wote.

Tena hiyo 5 ilikuwa ya jina tu. Bidhaa nyingi zilitozwa kiasi maalumu cha fedha kwa uzito au kwa jora, si kwa bei. Chukua mzigo wa taeli 100 (taeli ni kipimo cha fedha cha Kichina) unaolipa 5. Bei ikipanda hadi 150, forodha inapokea 5 zilezile: asilimia 3.3. Jedwali lilirekebishwa 1858, likaachwa hadi 1902.

Wapo wanaomsifu Robert Hart, Mwingereza aliyeiongoza forodha hiyo tangu 1863, kwa hesabu safi. Ni kweli, zilikuwa safi. Lakini uhasibu mzuri hauongezi ushuru usiokuwa wako kuupanga, na baada ya 1901 mapato hayo yaliwekwa rehani kwa fidia ya taeli milioni 450 ambayo mataifa ya kigeni yaliidai China baada ya uasi wa Mabondia.

Serikali ikageukia ndani. Likin, kodi iliyoanzishwa 1853 kugharimia vita dhidi ya waasi wa Taiping, ilitozwa kwenye vizuizi vya barabarani na mitoni. Mzigo wa kigeni ulivipita vyote kwa hati iliyolipiwa asilimia 2.5, wa Mchina ulisimamishwa kizuizi baada ya kizuizi. Haishangazi kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa Kichina walisafirisha mali yao kwa majina ya Wazungu.

Japani, iliyofungwa kwa asilimia 5 hiyohiyo mwaka 1866, ilijinasua 1911. Marekani iliikubalia China ijipangie ushuru wake mwaka 1928. Aliyeendelea kukaza kamba hadi 1930 ni Japani.