Kipima sukari cha kubandika: nani hasa anakihitaji Visiwani?

Mwaka una wiki 52, na kihisio cha sukari cha aina moja iliyoenea hudumu mwilini siku 14. Anayetaka kukivaa bila ya kukatisha anahitaji vihisio 26 kwa mwaka, na nyumbani kwa dada yangu, Chake Chake, Pemba, hesabu hiyo ndiyo inayotangulia mazungumzo mengine yote. Mwanawe wa miaka 12 ana kisukari cha aina ya kwanza, yaani mwili wake hautengenezi insulini na lazima adungwe. Vihisio vyake huletwa na jamaa wa Maskati kila anapopatikana msafiri, mara vitatu, mara vinne, na vikimalizika mtoto hurejea kwenye kutobolewa kidole mpaka mzigo mwengine ufike. Kifaa hiki nimekiona kwa karibu kiasi cha kukipenda, na pia kiasi cha kutokubaliana na wanaodai kwamba kila mwenye kisukari anapaswa kuwa nacho.

Ni vyema kwanza kueleza kinachopimwa, kwa sababu hapo ndipo ilipo nusu ya ubishi. Kihisio (wenyewe wanaokivaa husema "sensa", neno ambalo kwa wengi wetu ni la kuhesabiwa watu) ni kidude cha duara kama sarafu nene, kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Chini yake upo uzi mwembamba unaoingia ngozini na kukaa ndani ya majimaji yaliyo baina ya seli, si ndani ya mshipa wa damu. Kimeng'enya kilichopakwa kwenye uzi huo hukutana na glukosi, umeme mdogo sana huzalika, na kila baada ya dakika 1 au 5, kulingana na aina, kipimo kipya huchukuliwa. Sukari huanza kupita kwenye damu ndipo ifike kwenye majimaji hayo, kwa hiyo kinachosomeka kwenye simu huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15 hivi. Mtu akiwa ametulia, tofauti hiyo haina uzito. Akiwa yuko kiwanjani anacheza mpira, sukari ikiporomoka, dakika 10 ni nyingi.

Hoja kubwa ya kukitetea kifaa hiki inatokana na usiku. Kabla ya kuvijua vihisio, dada yangu alikuwa akiamka saa nane za usiku, akiwasha tochi ya simu, akiuvuta mkono wa mtoto kutoka ndani ya chandarua na kumtoboa kidole naye amelala. Usiku mmoja mashine ilisoma 9 (milimoli kwa lita, kipimo cha tarakimu zote za sukari humu), akarudi kulala moyo umetulia. Alfajiri mtoto aliamshwa kwa taabu, shuka limerowa jasho, akanyweshwa maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka akaweza kusema jina lake. Mashine haikukosea, saa nane sukari ilikuwa 9 kweli. Tatizo ni kwamba tone moja la damu halisemi sukari inaelekea wapi, na 9 inayopanda na 9 inayoteremka kwa kasi ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kihisio huonyesha mshale pamoja na tarakimu, na aina zenye king'ora humwamsha mama kabla ya kiwango kufika pabaya. Utafiti uliopewa jina la IMPACT, uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu watu wazima wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba waliotumia kihisio walipunguza kwa asilimia 38 muda wanaokaa na sukari iliyo chini ya 3.9, wakilinganishwa na waliotegemea kidole. Kwa anayejidunga insulini mara nne kwa siku, upungufu huo una maana ya usiku kadhaa wa usingizi.

Ipo hoja nyengine ambayo husemwa kwa nadra, ingawa kwetu ina uzito wa pekee. Kipimo ambacho madaktari hukitegemea kujua hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita ni HbA1c, nacho hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zikifa mapema kuliko kawaida, kama inavyotokea kwa mwenye siko seli, jawabu huweza kuonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Maradhi hayo si mageni kwetu. Kihisio hakitegemei umri wa chembe nyekundu, na kwa mgonjwa wa namna hiyo hata wiki mbili tu za kuvaa humpa daktari picha ambayo maabara haikuweza kumpa.

Ramadhani ndiyo iliyonifunza zaidi, kwa upande wa faida na kwa upande wa hasara. Baba yetu, anayekaa Wete, ana kisukari cha aina ya pili, ambapo mwili hautumii insulini ipasavyo, na alikuwa akimeza metformini na glibenklamidi, dawa hii ya pili ikiwa na tabia ya kuishusha sukari hata mtu asipokula. Mwaka jana alipewa kihisio kimoja kati ya vile vya mjukuu wake. Siku ya tatu ya mfungo, baada ya sala ya alasiri, simu ilisoma 3.7. Akahakikisha kwa kidole, ikawa 3.8. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inamtaka mgonjwa afungue iwapo sukari iko chini ya 3.9 au juu ya 16.6, na mzee akafungua kwa maji ya sukari huku akinung'unika kwamba hajisikii lolote. Kutojisikia lolote ndiyo hatari yenyewe, na daktari alipoonyeshwa mistari ya kupanda na kushuka kwa sukari iliyochorwa kwenye simu kwa siku tatu alimpunguzia glibenklamidi bila ya kuhitaji maelezo marefu.

Jioni kulikuwa na somo la pili. Tende tatu, kikombe cha uji wenye sukari na kaimati chache zilimpandisha kutoka 5 hadi 14 kabla ya isha kuadhiniwa. Hakuna nasaha iliyowahi kumgusa kama mstari ule. Aliyekuwa akitusikiliza kwa adabu tu kila tulipomsema juu ya kaimati, safari hii alikata shauri mwenyewe: tende moja na maji, aende kusali, kisha arudi kwenye samaki na majimbi machache. Mstari ukalainika. (Kuhusu ibada, kihisio hukaa nje ya sehemu iliyo faradhi kuoshwa katika udhu, josho la janaba ndilo lenye maswali, na hayo ni ya kumuuliza shehe.)

Hata hivyo, mzee huyo huyo, kufikia siku ya kumi, alikuwa akitazama simu kabla ya salamu. Aliacha embe, kisha ndizi, kisha akaogopa hata wali kidogo, kwa sababu kila alipokula mstari ulipanda, wala hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba sukari kupanda baada ya chakula ni kazi ya kawaida ya mwili na kwamba linaloangaliwa ni imepanda kiasi gani na imekaa huko kwa muda gani. Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2019 yanawawekea watu wazima wengi lengo la kubaki baina ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70 ya siku; hayamtaki mtu awe na mstari ulionyooka kama uzi wa timazi. Usiku mmoja simu ilisoma chini ya 3 naye akaamka na kunywa juisi ya miwa glasi nzima. Baadaye tulitambua kwamba alikuwa ameulalia mkono wenye kihisio, jambo ambalo huubana mwili pale na kutoa tarakimu ya chini isiyo ya kweli. Kidole kingemwambia ukweli kwa sekunde chache, lakini stripi, vile vijikaratasi vya mashine vya kupokelea tone la damu, zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyeona haja ya kununua nyengine, maadamu "mashine mpya ipo".

Kosa hilo ndilo ninalolihofia zaidi. Kihisio hakiondoi haja ya mashine ya kidole: dalili zisipolingana na tarakimu, kidole ndicho huamua. Baadhi ya aina huhadaiwa na vitamini C ikimezwa kwa wingi. Vihisio vyenyewe hutakiwa kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, nasi wakati wa kaskazi hupita hapo mchana bila ya taabu, sembuse ndani ya sanduku lililokaa juani bandarini. Gundi nayo hulegea kwa jasho. Kihisio kimoja cha mpwa wangu kilibanduka siku ya tano, akakiokota kwenye uwanja wa skuli, na siku tisa za thamani ya kihisio zikapotea mchangani.

Kwa wenye kisukari cha aina ya pili wanaotumia insulini ya muda mrefu, ile inayodungwa mara moja au mbili kwa siku, ushahidi upo, ila usomwe vizuri. Katika utafiti wa MOBILE uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2021, watu 175 walifuatiliwa kwa miezi 8: waliovaa kihisio walishuka kutoka HbA1c ya asilimia 9.1 hadi 8.0, na waliotoboa vidole wakashuka kutoka 9.0 hadi 8.4. Kihisio kilishinda. Lakini kundi la vidole nalo liliteremka kwa zaidi ya nusu pointi, kwa sababu lilikuwa na stripi na watu wa kulifuatilia, vitu viwili ambavyo mgonjwa wa Micheweni hana uhakika navyo kila mwezi. Ama wazima wasio na kisukari kabisa, ambao tangu mwaka 2024 wanaweza Marekani kununua kihisio bila ya cheti cha daktari, hao nawaachia fedha zao.

Uingereza yenyewe, mwaka 2022, ilipopendekeza vihisio kwa watu wazima wote wenye aina ya kwanza, haikuwafungulia mlango huo wote wenye aina ya pili. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, ukija kulijadili suala hili, kwa maoni yangu utaratibu uwe hivi: insulini na stripi zisikosekane kwanza, kisha watoto wenye aina ya kwanza na wajawazito wanaotumia insulini wapatiwe vihisio vya kudumu, na kliniki ziwe na vichache vya kuazimisha kwa wiki mbili kwa wagonjwa kama baba yangu, wakivaa kwa swali maalumu na kurudi kusomewa majibu. Kwa wengi wa aina ya pili wanaomeza metformini pekee, sioni wanachokikosa.

Baba hakuomba kihisio cha pili. Anatoboa kidole mara mbili kwa wiki, na tangu Mfunguo Mosi tende yake ya jioni ni moja. Dada yangu amebakiwa na vihisio vitatu; viwili amevitengea wiki za mitihani ya skuli, wakati mtoto hula ovyo na kulala kidogo, na cha tatu amekiweka kwenye kabati la chini, penye ubaridi, kwa siku atakayopata homa.