Amplifaya ya valvu ya nyumbani: wati zisikudanganye

Amplifaya yangu ya kwanza ya gitaa ilikuwa ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, yenye wati 15, na mwaka mzima kitufe cha sauti hakikuwahi kuvuka namba 2. Kati ya kimya na kelele palikuwa na upenyo mwembamba kama ukucha. Nikigusa kidogo, hakuna kitu. Nikiongeza unywele mmoja tu, mtoto aliyelala chumba cha pili anaamka. Na kile kidogo nilichokipata kilikuwa kikavu, hakina kifua, si kile kilichonivutia siku ya kuinunua.

Ndiyo maana mtu akiniambia anatafuta ndogo ya kufanyia mazoezi nyumbani, wati 5 badala ya 15, namwomba asubiri kwanza. Sikio halihesabu wati kama mkono unavyohesabu pesa. Ili sauti isikike kubwa maradufu, nguvu inabidi iongezeke takriban mara 10. Yaani ya wati 50 inaizidi ya wati 5 kama mara mbili hivi, basi. Kushuka kutoka 15 hadi 5 ni hatua ndogo kuliko unavyodhani. Spika nyingi za gitaa zikipewa wati 1 tu hupita desibeli 95 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiwa umbali wa mita 1. Wati moja hiyo, na jirani keshasikia.

Sasa kwa nini tuhangaike na valvu? Kwa sababu ya namna zinavyolemewa. Ukigusa waya taratibu, sauti inatoka safi. Ukikaza mkono, inaanza kukwaruza yenyewe, bila kubonyeza chochote. Vidole ndivyo vinavyoamua. Fender Champ, yenye wati zipatazo 5 na valvu moja tu, aina ya 6V6, upande wa nguvu unaosukuma spika, iliuzwa kama amplifaya ya wanafunzi, lakini wapiga gitaa wakubwa waliipeleka studio kwa ajili ya ladha hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba valvu za nguvu hazilemewi mpaka uzisukume, na kuzisukuma ni kelele.

Kwa hiyo mimi naweka mbele swichi ya kupunguza nguvu, ile inayoshusha wati 5 hadi nusu wati au chini ya hapo. Pili, vitufe viwili vya sauti: kimoja cha kulisha valvu ndogo za mwanzo, 12AX7 mara nyingi, mpaka zikwaruze, na kingine cha kuamua kiasi gani kitoke nje. Ukipiga kwa sauti ya chumbani, sehemu kubwa ya mkwaruzo unaousikia ni wa hizo valvu za mwanzo, na sioni aibu yoyote hapo.

Spika nayo watu wanaidharau. Ya inchi 8 ndani ya kiboksi kidogo huniletea sauti ya kubanwa pua. Napendelea inchi 10, na 12 kama nafasi ipo, maana sauti ikiwa ndogo sikio lenyewe hupoteza besi, na spika finyu inaongeza upungufu juu ya upungufu.

Na tafadhali, usichomoe spika usiku ukidhani umeinyamazisha. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Kama utahitaji kusikiliza kwa hedifoni, chukua iliyotengenezewa hivyo tangu kiwandani.

Unapoijaribu, ishushe mpaka uweze kuongea na mtu bila kupaza sauti. Piga kodi moja ya E (noti kadhaa kwa pamoja), iache ife yenyewe, usikilize inavyozimika. Yangu ya sasa, ikiwa kwenye nusu wati, kodi hiyo inaanza na mkwaruzo, inasafika katikati, halafu inabaki waya wa chini peke yake ukitetema, na mtoto bado amelala.