Nyota, Reli na Tovuti Yangu Nzuri

Sisi tunaoishi kwa kutengeneza tovuti tuna mshindani ambaye hatupendi kumtaja mbele ya wateja: nyota mia moja hamsini, nyota sifuri sifuri, reli. Unaweza kumtengenezea mtu ukurasa wa malipo wenye rangi za kuvutia, vitufe vinavyobonyea kwa madaha na picha ya familia inayotabasamu bila sababu. Mnunuzi ataufungua, atausifu, kisha atauliza, "Lipa namba yenu ni ipi?" Anapiga *150*00# ya M-Pesa na kumaliza shughuli kabla uso wa baba kwenye ile picha haujakamilika kufunguka.

Kitaalamu mambo haya yanaitwa USSD, nayo yametoka kwenye kizazi cha mitandao ya simu ya GSM, miaka ya tisini. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Hakuna rangi, hakuna picha, hakuna hata maandishi ya kukoza. Ila unapita kwenye njia ileile ambayo simu hutumia kusemezana na mnara, kwa hiyo hauhitaji bando wala simu janja; kitochi kinatosha. Nikipiga hesabu za kazini kwangu, ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi una uzito wa zaidi ya megabaiti 2, na skrini ya USSD, herufi zake 182 zikiwa zimebanwa, ni baiti 160. Kwa mzigo wa ukurasa mmoja ungepeleka menyu zaidi ya 12,000. Mtu angenunua umeme wa LUKU mpaka wajukuu wake warithi tokeni.

Ninachokionea wivu zaidi si wepesi huo, ni nidhamu yake. Kwenye tovuti kila bosi anapata kona yake: mkurugenzi anataka salamu, watu wa masoko wanataka tangazo lirukeruke, mwanasheria anataka kisanduku cha kukubali vidakuzi. Kwenye herufi 182 hakuna kona ya kumpa mtu. Lazima uamue mteja amekuja kufanya nini, uandike kwa Kiswahili, uweke namba mbele. Matokeo yake watu hawaisomi menyu hata kidogo. Vidole vinajua njia vyenyewe. Tigo Pesa imegeuka kuwa Mixx by Yas, mabango yamepakwa upya nchi nzima, lakini *150*01# imebaki palepale. Nadhani hakuna aliyethubutu kuigusa. (Upande wa pili wa mazoea hayo ni kwamba mtoa huduma akihamisha kipengele kutoka namba nne kwenda namba sita, anavuruga jioni za watu wengi kuliko mimi nikibomoa tovuti nzima.)

Hata hivyo, wanaoisifu USSD kana kwamba haina kasoro hawajawahi kuitumia ndani ya daladala. Namba ya siri inajiandika wazi kwenye kioo, tarakimu moja baada ya nyingine, na abiria wa jirani ana macho. Muda ukiisha katikati, kioo kinarudi kitupu, nawe hujui pesa imeondoka au bado ipo. Unasubiri ujumbe mfupi. Usipokuja, unajaribu tena, na hapo ndipo wengine hulipa mara mbili. Programu ya simu au tovuti iliyotengenezwa vizuri ingekuonyesha orodha ya miamala yako na kutambua kwamba ombi la pili ni lilelile la kwanza.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Menyu fupi inafaa kwa kitu ambacho mtu ameshaamua, haifai kumsaidia kuamua. Chukua mikopo ya simu. Riba, ada, siku za marejesho na kitakachotokea ukichelewa havienei kwenye skrini moja, wala tano. Basi unaulizwa kama umekubali vigezo na masharti, bonyeza moja, na mara nyingi masharti yenyewe yamewekwa kwenye tovuti. Mwenye kitochi anakubali maandishi ambayo simu yake haiwezi kuyafungua. Hapo urahisi umemfaa mkopeshaji kuliko mkopaji, na sioni namna herufi 182 zitakavyolitatua hilo.

Halafu kuna suala la mlango na mwenye funguo. Kijana wa Mbeya mwenye wazo la kuuza miche ya parachichi anaweza kusajili jina la .tz na kuwa hewani kabla ya chakula cha usiku. Akitaka msimbo wa USSD, anahitaji kibali cha TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kisha makubaliano na kila kampuni ya simu, na gharama zinazoambatana nayo. Wavuti nayo si uwanja huru kabisa; tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, mwenye blogu ya habari naye ana leseni ya kuhangaikia. Lakini kwa muuza miche tofauti bado ni kubwa.

Kwa hiyo mimi nimegawa hivi: kulipa, kutuma, kuangalia salio, waachiwe nyota na reli, na anayetaka programu ya simu kwa kazi hizo aniambie kwanza wateja wake wana simu gani. Kusoma, kulinganisha, kutunza kumbukumbu, hiyo ni kazi ya wavuti, ila wavuti iliyopungua mwili. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ikianza kumjibu mtu, kwa kawaida mkupuo wa kwanza hubeba takriban kilobaiti 14 kabla ya kusubiri simu ithibitishe kuzipokea. Bei za miche, maelezo ya upandaji, namba ya kulipia na masharti yote vinaenea humo bila kubanana. Picha ya familia haienei, na juu ya hilo mazungumzo na mteja bado yanaendelea.