Tableti bila waya ukumbini inakera jamani

Hii ya kuendesha programu ya DJ kwenye laptopu kwa tableti kupitia waifai inanikera sana aisee. Nyumbani inatii vizuri tu, ila ukumbi ukijaa, simu za watu kibao zinagombania masafa hayo hayo ya waifai ya 2.4 GHz, unashusha besi ya wimbo unaotoka, kidole kimeshafika chini kwenye kioo na spika bado zinaunguruma, wimbo mpya umeshaingia, besi mbili zinagongana na watu wanageuka kukuangalia wewe. Halafu kioo hakina kitufe cha kupapasa, lazima uinamie badala ya kuangalia wanaocheza. Kuja na ruta yako ya masafa mengine, ya 5 GHz, inasaidia, sawa, lakini wenye ukumbi wanakwambia tumia waifai yetu, ile ile waliyowapa wageni wote! Mi nipeni waya wa USB.